Kabla Hujafungua Baiskeli: Vyuma Visikubakie Mkononi

Baiskeli ya spidi moja, ile nyeusi ya kubebea mizigo, kwa kawaida huwa na gololi 60 ukihesabu magurudumu na ekseli ya kranki, yaani mikono inayoshika pedali, peke yake. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele ina 10 kila upande, ya nyuma 9 kila upande, na kwenye kranki 11 kila upande. Za mbele ni ndogo, 3/16 ya inchi. Nyingine ni robo inchi. Shingo ya usukani nayo ina zake, ila idadi hutofautiana, kwa hiyo hizo zihesabu mwenyewe zinapotoka na uandike.

Usianze kufungua kabla hujatandika kitambaa cheupe. Gololi iliyopakaa grisi nyeusi ikidondoka mchangani haionekani tena. Sumaku ya spika mbovu husaidia kuitafuta, lakini usihifadhie gololi juu yake: hushika usumaku, kisha zikirudi ndani zinavuta vumbi la chuma. Tenga makopo matatu, moja la mbele, moja la nyuma, moja la kranki, wala usioshe vyote katika beseni moja la mafuta ya taa. Gololi ndogo ikiingia kati ya kubwa haibebi uzito, wenzake ndio wanaumia.

Piga picha kwa simu pande zote mbili kabla ya spana kugusa nati. Kwenye ekseli ya nyuma ndiko watu wengi hupotea, kwa sababu vitu vinapangana: ndani koni (ile inayozibana gololi), washa, nati ya kubana koni, kisha fremu, nje miguu ya madigadi, mguu wa keria, pengine na stendi, halafu washa na nati kubwa. Kila kinachotoka kitunge kwenye kipande cha waya kwa mpangilio uleule, upande wa kulia waya wake, wa kushoto wake. Washa moja ikihama kutoka kulia kwenda kushoto hutabakiwa na chochote, lakini gurudumu litakaa upande na mnyororo hautanyooka.

Jua pia nyuzi zinazozunguka kinyume. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, na kwa kawaida herufi L na R zimegongwa kwenye pedali zenyewe. Mtu asiyejua hukaza badala ya kufungua mpaka anaharibu nyuzi za kranki.

Kotapini, zile pini zinazobana kranki kwenye ekseli yake, zinataka adabu. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, iache hapo, ndipo ugonge kwa nyundo. Ukigonga pini tupu, nyuzi zinapondeka na nati hairudi. Wakati wa kufunga, pini mbili huingia kwa kupishana. Zikielekea upande mmoja, pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja na utahisi mguu mmoja unachelewa.

Kiungio cha mnyororo kina vipande vitatu: chenye pini mbili, bamba la nje, na kibanio. Kibanio ni kidogo na huruka ukikitoa kwa bisibisi, basi kifunike kwa kidole gumba. Kikirudi, upande wake uliozibika uelekee mnyororo unakokwenda. Friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka huru usipopiga pedali, usiifungue kabisa. Ndani mna gololi ndogo mno nyingi na vispringi. Isuuze kwa mafuta ya taa, iache ichuruzike, tia mafuta mepesi.

Sasa, umemaliza na kuna kitu kitambaani. Gololi moja? Hesabu kwanza. Kikombe, pale gololi zinapokaa, hakitakiwi kujaa pomoni: gololi zinaachiwa nafasi kidogo, pungufu ya gololi moja, zisisuguane. Kama uliongeza kutoka akiba, basi ya ziada ni halali. Kama hukuongeza, kuna upande wenye pengo, fungua. Kibanio cha mnyororo, nati ya koni au kotapini ikibaki, baiskeli isipande mtu. Tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, koni haijabanwa.

Baiskeli mpya ya kwenye boksi ni habari nyingine. Kile kipande cha plastiki kilichotanua uma wa mbele, na vifuniko vya ncha za ekseli, viliwekwa kwa ajili ya safari tu, tupa. Kama ina breki za diski, toa pia plastiki iliyo katikati ya pedi.

Kotapini mpya hulegea siku za mwanzo. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, kaza tena nati zake, zote mbili.