Somo la dawa za pumu: jinsi ya kuisoma karatasi ya mgonjwa

Somo hili ni la wanafunzi wa utabibu, wauguzi na wahudumu wa kemisti hapa Nairobi, ambao kila baridi ya Julai inapoingia hukutana na watu wenye vifua vinavyolia mluzi, wengi wao wakiwa na ombi moja tu: inhela ya buluu. Majina ya dawa za pumu kwenye karatasi ya mgonjwa, yaani orodha ya dawa alizoandikiwa, yanachosha, lakini mwanafunzi akishika swali moja hatapotea: je, dawa hii inalegeza msuli au inatuliza uvimbe? Nitashikilia katika somo lote kwamba kosa linalowaponza wagonjwa wetu zaidi ni kutibu msuli na kuuacha uvimbe.

Hatua ya kwanza: tenganisha msuli na uvimbe. Mirija ya hewa imezungukwa na misuli laini, na mwenye pumu akivuta vumbi, moshi wa jiko la makaa au hewa baridi, misuli hiyo hukaza na kuubana mrija. Chini ya mbano huo, hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima, utando wa ndani wa mrija huwa umevimba, umejaa chembe za kinga kama vile eosinofili, na unatoa kamasi zito. Mbano huja na kuondoka, ilhali uvimbe hukaa.

Hatua ya pili: zijue dawa za msuli. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya inhela ya buluu, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka wa 1969, hushika vipokezi vya beta-2 (sehemu za chembe zinazopokea ujumbe wa dawa) kwenye misuli ya mirija, ikaongeza saikliki AMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya chembe, na msuli ukalegea. Nafuu huja ndani ya dakika tano hivi na hudumu saa nne hadi sita. Vipokezi vya aina hiyo vipo pia kwenye misuli ya mikono na kwenye moyo, ndiyo maana aliyevuta sana hutetemeka vidole na moyo humwenda mbio. Na kwa kuwa dawa hii husukuma potasiamu iingie ndani ya chembe, kiwango chake damuni kinaweza kushuka kwa mgonjwa anayepewa dozi kubwa wodini. Salmeteroli na fomoteroli ni za ukoo huohuo, ila hudumu takriban saa 12, na fomoteroli ina sifa ya kuanza kazi upesi kama salbutamoli. Ipratropiamu na tiotropiamu hupita njia nyingine: huzuia asetilikolini, kemikali ya neva, isiukaze msuli.

Teofilini na nduguye aminofilini, ambazo pia hulegeza msuli, nazitaja kwa tahadhari. Kipimo kinachotibu kiko karibu mno na kinachodhuru, na mgonjwa aliyezidishiwa hutapika, moyo huenda ovyo, na anaweza kupata degedege. Ukimpa antibiotiki ya erithromaisini au siprofloksasini juu yake, teofilini hupanda damuni. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na sigara vilevile. Kwa maoni yangu, palipo na inhela nzuri, dawa hii haina haja ya kuwa ya kwanza kuandikwa.

Hatua ya tatu: tafuta dawa ya uvimbe. Hapa ndipo karatasi nyingi huwa tupu. Beklometasoni, budesonidi na flutikasoni ni steroidi za kuvuta. Huingia ndani ya chembe, hushikamana na kipokezi chake, kisha huingia kwenye kiini na kuzima jeni zinazotengeneza kemikali za uvimbe. Kazi hiyo huchukua siku hadi wiki, hivyo mgonjwa anayeivuta leo na kusubiri nafuu jioni ataitupa, akisema haina nguvu. Mweleze mapema. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: kipokezi cha beta-2 kinachochokozwa kila siku hupungua, na steroidi huiamsha jeni inayokitengeneza upya. Kwa hiyo dawa ya uvimbe huilinda hata dawa ya msuli isichakae.

Mwaka wa 2019, GINA, inayotoa mwongozo wa pumu unaofuatwa duniani, iliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Inayopendelewa ni inhela moja yenye budesonidi na fomoteroli, ili kila mgonjwa anapotafuta nafuu avute na dawa ya uvimbe papo hapo.

Hatua ya nne: hesabu mikebe. Inhela ya kawaida ya salbutamoli ina mipulizo 200. Anayenunua moja kila mwezi anatumia sita au saba kwa siku, na hakuna haja ya kumhoji sana kujua kwamba pumu yake haijadhibitiwa. Mikebe mitatu au zaidi kwa mwaka huambatana na hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Mmoja kila mwezi huambatana na hatari ya kifo. Mhudumu wa kemisti huiona hesabu hii kabla ya daktari, kwa hiyo aulize.

Hatua ya tano: mwangalie akivuta. Mwambie atikise mkebe, atoe pumzi yote, abane midomo kuuzunguka mdomo wa inhela, abonyeze mara moja huku akivuta polepole, kisha azuie pumzi kwa sekunde kumi. Wengi hubonyeza kwanza wakavuta baadaye, na dawa hubaki kooni. Speisa, chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo, huondoa tatizo hilo. Asiyeimudu anaweza kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, njia iliyofanyiwa utafiti Afrika Kusini na kufaa kwa watoto. Tundu lisiwe na mwanya. Baada ya steroidi, asukutue maji na kuyatema, la sivyo ukungu mweupe utaota mdomoni.

Hatua ya sita: tazama dawa zake nyingine. Propranololi, dawa ya presha na moyo, huziba vipokezi vilevile ambavyo salbutamoli inavitafuta, na hata matone ya macho ya timololi yamewahi kuamsha pumu. Baadhi ya wagonjwa hubanwa na aspirini au ibuprofeni.

MASWALI YA WASHIRIKI WA SOMO

*Swali (muuguzi, Kayole):* Mwalimu, kina mama wanakataa inhela wakisema mtoto ataizoea, wanataka dawa ya maji. Niwajibu vipi?

*Jibu:* Dada, waoneshe hesabu. Mililita tano za dawa ya maji zina miligramu mbili za salbutamoli, sawa na mipulizo 20 ya mikrogramu 100. Ya maji hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, hivyo mtoto hutetemeka zaidi na hupata nafuu kwa kuchelewa. Tena inhela haileti uraibu. Mtoto huihitaji kila mara kwa sababu uvimbe haujatibiwa.

*Swali (mwanafunzi wa utabibu):* Je, prednisoloni ya vidonge haiwezi kuchukua nafasi ya steroidi ya kuvuta, kwa kuwa ni rahisi kupatikana?

*Jibu:* Ina mahali pake. Mtu mzima aliyezidiwa hupewa miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku tano hadi saba, na hukatizwa bila kupunguzwa hatua kwa hatua. Ikitumiwa kwa miezi, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuzilaza tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili. Mgonjwa anayerudi kuiomba mara kwa mara anahitaji steroidi ya kuvuta.

*Swali (mhudumu wa kemisti, Umoja):* Na montelukasti je? Wateja wanaiulizia sana.

*Jibu:* Huzuia lukotraini, mojawapo ya kemikali za uvimbe, lakini ni dhaifu kuliko steroidi ya kuvuta. Mwaka wa 2020 Marekani iliiwekea onyo kali kwa sababu ya ndoto mbaya, huzuni na mawazo ya kujiua. Mweleze mteja hayo kabla hajalipa.

*Swali (tabibu, Mathare):* Nina mgonjwa wa pumu anayetumia ARV zenye ritonaviri. Kuna shida?

*Jibu:* Ipo, daktari, na ni kubwa. Ritonaviri hukizuia kimeng'enya cha ini kinachovunja flutikasoni na budesonidi, zikarundikana damuni hadi uso ukavimba na adrenali zikalala, ingawa mgonjwa anavuta tu. Beklometasoni ndiyo salama zaidi kwake. Epuka salmeteroli pia, kwani hupanda kwa njia hiyohiyo na kuusumbua moyo. Ikiwa amekwisha kutumia flutikasoni kwa miezi, usiikate ghafla. Wasiliana kwanza na kliniki inayompa ARV, kwa maana huenda adrenali zake haziwezi tena kujitegemea.