Kutoka kwenye kausha damu na kuanza kuweka akiba kama hela yako ni ya siku kwa siku (kwa watu wa Tanga)

Ushauri mwingi wa pesa unaozunguka mtandaoni ni wa mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, tenga asilimia kadhaa, panga bajeti ya mwezi, basi. Sasa mama anayekaanga mihogo Makorora, kijana wa bodaboda pale stendi ya Kange, dada anayechukua samaki Deep Sea na kuzungusha mitaani, hao hela yao leo elfu kumi kesho elfu nne keshokutwa hakuna kitu, na ndo wengi wetu hapa mjini tunavyoishi. Hii nawaandikia nyie, na kwenye madeni nitakaa zaidi, hasa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa unayorudisha kila siku, maana hapo ndo watu wanaumia kweli.

Kwanza tuelewane deni linatokea wapi. Ukikaa na watu ukawauliza ile kausha damu ulichukulia nini, wengi hawatakwambia chakula, utasikia kodi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, au Januari sare na viatu na madaftari, au Idd watoto wanataka nguo, au harusi ya mtoto wa shangazi mchango umeandikwa na kijora cha sare juu yake. Vyote hivyo tulijua kabisa vinakuja. Ila hela inaingia kidogo kidogo na mahitaji yanakuja kwa mkupuo, na hapo katikati ndo anapoingia mkopeshaji. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuyageuza yale ya mkupuo yawe ya kila siku.

Chukua daftari la mtoto ukurasa mmoja tu. Andika vitu vyote vya mkupuo vya mwaka mzima na bei yake, usidanganye. Mfano kodi ya elfu 40 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka, shule ya watoto wawili 150,000, Idd 100,000, michango ya harusi na misiba 120,000. Jumla 850,000. Ukiiangalia hivyo unaweza kukata tamaa, lakini igawe kwa siku 300 za kazi, sisemi 365 maana kuna siku utaumwa na siku utazika, inakuja kama 2,830 hivi, weka 3,000 iwe rahisi. Buku tatu kwa siku ya kazi. Sio ndogo kwa anayepata elfu nane, najua, lakini sasa unajua unapambana na nini, na kama haiwezekani unaona mapema kabisa ni kipi kwenye ule ukurasa kipunguzwe, badala ya kugundua siku mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Hiyo buku tatu itoke mapema, sio jioni. Jioni hela imeshapata wenyewe, hamna kinachobaki. Muuza mihogo akishamaliza kutoa mtaji wa kesho, fungu linalofuata ni hilo. Bodaboda, ukishatoa mafuta na hesabu ya bosi, linafuata hilo, ndo mengine yaje. Kama upo na kibubu weka kibubu, ila kiwe cha kuvunja, kile chenye kikufuli kinakushawishi. Mimi kwa hela inayozidi laki napenda zaidi iingie kwenye akaunti au laini nyingine ya simu ambayo hutembei nayo, maana hela iliyo kwenye simu unayoshika kutwa inaisha kwa vocha na kutumiana.

Alafu angalieni misimu yenu, hili watu wa pwani tunalijua ila hatulitumii kwenye hela. Wanaofanya biashara ya dagaa wanajua kipindi cha giza taa zinavuta dagaa na mbalamwezi ikiwa kali upatikanaji unashuka, na kusi ikivuma bahari ikichafuka vyombo vingi vinakaa. Sasa usipange fungu sawasawa mwezi mzima, siku za giza weka elfu tano sita, siku za mbalamwezi weka buku au usiweke kabisa bila kujilaumu. Mama ntilie wa mchana hivyo hivyo, Ramadhani inabadilisha biashara yote, ya mchana inalala na hela inahamia kwenye futari, jiandae miezi miwili kabla.

Sasa wewe ambaye tayari unadaiwa. Akiba kubwa isubiri, bakiza fungu dogo tu la ugonjwa ili usikope tena, nguvu zote ziende kwenye deni. Andika unadaiwa na nani, ulipewa shingapi mkononi, unarudisha shingapi, kwa siku ngapi. Tufanye hesabu ya kausha damu moja ya kawaida, umekopa laki moja, wamekata elfu tano ya fomu umeondoka na 95,000, unarudisha elfu tano kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 130,000. Umelipia 35,000 kwa mwezi usiotimia. Na kibaya zaidi hukukaa na ile laki mwezi mzima, siku ya 13 umesharudisha 65,000, kwa hiyo nusu ya mda unatumia hela kiduchu ila riba ni ile ile ya laki nzima. Kwa kulinganisha, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ambao hawapokei amana, yaani kwa laki moja ni 3,500. Kwa hiyo kabla hujasaini muulize mtu leseni yake ya Benki Kuu na mkataba umeandikwa riba kiasi gani. Akikwepa, ondoka.

Deni la kuua kwanza ni lile la riba ya kila siku, hata kama sio kubwa kuliko yote. Deni la dukani kwa jirani halina riba, huyo mpitie mwenyewe umwambie kaka naomba uvumilivu, nitakuwa nakupa elfu mbili kila Ijumaa, na umpe kweli. Usipite njia ya nyuma kumkwepa, mtu akikuona unakwepa ndo anakuja kudai kwa sauti mbele za watu. Kwa wa kausha damu jaribu kuomba urefushiwe siku bila kuongezewa riba, wengine wanakubali kwa sababu wanajua ukianguka kabisa hawapati kitu. Kila unacholipa andikiwa au lipa kwa simu meseji ibaki. Na usikope kausha damu ya pili kulipa ya kwanza, hapo ndo watu wanaishia kubebewa godoro na friji huku wenzao wa kikundi walichokopea wanachangishwa kuwalipia.

Walimu na waajiriwa wengine, kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mkopeshaji. Hata kama anasema ndo utaratibu wao. Ukishampa hiyo, mshahara wako ni wake na wewe ndo unaomba.

Kuna na hii mikopo ya programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila idhini, na zilizokuwa zinafanya kazi mbaya kuliko zote ni zile ambazo ukizipakua zinaomba kuona namba zako zote, ukichelewa wanamtumia meseji bosi wako, mkweo, jirani, kila mtu, aibu yake haisemeki. Programu ya mkopo ikiomba ruhusa ya namba na picha zako ifute saa hiyo hiyo. Na ile huduma ya kuongezewa salio ukipungukiwa unapotuma hela, kumbuka ada yake inaweza kuwa inaongezeka kila siku unayochelewa na hela ikiingia tu kwenye laini inakatwa yenyewe, kwa hiyo usije ukaomba mteja akutumie hela ya mtaji wa kesho hapo ukashangaa imekwenda.

Kama unahitaji mtaji kweli ulizia kwanza ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, kikundi kiwe kimesajiliwa, na inachukua mda, kwa hiyo ianze kabla hujabanwa.

Michezo (mnachanga wote, mmoja anapokea kwa zamu) na vikoba (mnaweka akiba pamoja na kukopeshana) naviamini, kwa masharti. Mchezo wa kijumbe omba zamu inayoangukia mwezi wa kodi yako, usikubali tu namba yoyote, na cheza na watu unaojua wanapolala. Watu kumi wa mtaa mmoja wanatosha, mkifika thelathini hamjuani tena. Kikoba kizuri ni kile mnachovunja Desemba, gawio linaingia mkononi Januari haijafika na shule inalipwa bila kukopa. Hela ya kikundi isikae ndani kwa mweka hazina, mnunulieni amani huyo mama, fungueni akaunti ambayo mtu mmoja hawezi kutoa peke yake, hata kwenye simu zipo.

Matumizi nitayapitia haraka. Umeme, kama nyumba yako ipo kwenye kundi la bei ya matumizi madogo, units 75 za mwezi zinagharimu 9,150 pamoja na kodi, ukizidisha hapo unit moja inaruka kutoka 122 mpaka kama 427, kwa hiyo pasi na hita ndo za kuangalia. Nyumba ya wapangaji wengi mita moja mara nyingi mnazidi, pale bora mkubaliane kila mtu kulingana na vitu vyake kuliko kugawana sawa. Mkaa wa kopo ndo ghali kuliko wote, changeni gunia wawili. Samaki wakishuka kwa wingi bei inaanguka, chukueni fungu kubwa mgawane na jirani, mengine mkaange. Na baiskeli jamani, mji wetu tambarare, ukienda Mgandini na kurudi kwa boda kila siku ni hela ya kodi hiyo inaondoka.

Michango ya harusi ipangie kiasi cha mwaka mapema, na ikiisha sema imeisha. Sema kwa heshima, shangazi mchango wangu mwaka huu ni elfu kumi, nitakuja siku ya shughuli kuosha vyombo na kupika. Atanung'unika kidogo. Kijora cha sare sio lazima, nenda na chako kizuri.

Siku deni la mwisho likiisha usiache kutoa ile elfu tano ya kila siku uliyokuwa unampelekea mkopeshaji, mkono umeshazoea, ipeleke kwako. Siku 26 ni 130,000, na miezi mitatu tu ni karibu laki nne. Ikishafika hapo hamisha, iende SACCOS (chama cha akiba na mikopo) unayoijua au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ambayo mtu mdogo anaweza kuingia na kuongeza kidogo kidogo. Ukiweka benki, Bodi ya Bima ya Amana inakukinga mpaka milioni 7.5 benki ikianguka. Mwaka 2024 hata mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani, yaani unaikopesha hela yako nayo inakulipa riba, ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, watu wa kawaida waliruhusiwa kununua, na ikitokea nyingine ya namna hiyo iwe ukiwa na hela ya kuikalia miaka, sio ya kodi ya mwezi wa sita.