Somo: Kuchomelea bati jembamba lisipasuke kwa uchovu

Uchovu wa chuma hauletwi na mzigo mmoja mzito. Ni mizigo midogo inayorudiarudia hadi ufa unachungulia, mara nyingi ukingoni mwa mshono, pale weldi inapokutana na bati. Ukisikia mafundi wakibishana kama TIG (weldi ya ncha ya tungsteni isiyoyeyuka, waya huongezwa kwa mkono) inaishinda MIG (weldi ya waya unaosukumwa na mashine na kuyeyuka), waulize kwanza ukingo umekaaje.

1. Linganisha kingo za bati. Hapa wengi hupaharakia. Bati mbili za mm 3 zikiunganishwa ncha kwa ncha, moja ikawa juu ya mwenzake kwa mm 1, mkazo (nguvu inayobebwa na kila sehemu ya eneo) unakaribia kuwa maradufu, kwa sababu kiungo kinavutwa huku kinapindwa. Kosa hilohilo kwenye bamba la mm 12 huongeza robo tu. Na mkazo ukiwa maradufu, umri wa mshono hushuka hadi takriban sehemu moja ya nane! Kaza klampu, shikiza kwa nukta fupi, pima tena.

2. Chagua njia. Weldi ya elektrodi (fimbo yenye ganda) huacha slagi, yaani gamba la uchafu juu ya mshono, na hutoboa bati upesi. MIG ni ya haraka, ila joto likipungua mshono hukaa juu kama kilima bila kushika. TIG ni ya polepole, lakini ukingo wake huteremka taratibu. Leza haipindishi bati sana, ila haivumilii mwanya. Weldi ya nukta (bati zilizolaliana hushikizwa kwa vidoa vya umeme) huacha mwanya mwembamba wenye ncha kali kati ya bati. Ufa huanzia humo.

3. Usianze wala kukatisha mshono kwenye kona inayobeba mzigo.

4. Lainisha ukingo: pitisha TIG bila kuongeza waya, au tumia grainda, mikwaruzo ifuate mwelekeo wa mzigo.

MASWALI

Swali: Nikinunua chuma chenye nguvu zaidi, si kitadumu zaidi?
Jibu: Kikiwa kizima, ndiyo. Kikishachomelewa, faida hiyo karibu yote hupotea. Ukingo wa mshono haujali umenunua chuma gani.

Swali: Na nikijaza mshono uwe mnene?
Jibu: Ukingo utasimama wima zaidi, nawe utakuwa umeharibu.

Swali: Mwalimu, bati yangu ni mm 1.5. Nisage mshono wote uwe sawa na bati?
Jibu: Kama weldi imepenya hadi nyuma, saga kwa mkono mwepesi. Ukila mm 0.3 ya bati yenyewe, umeondoa moja ya tano ya unene wake. Kama haijapenya, acha grainda, rudia weldi.