Kuikinga miche ya mikaratusi dhidi ya mchwa bila sumu ya dukani

Mwaka jana nilimsaidia shemeji yangu kuokoa shamba dogo la mikaratusi alilolipanda kando ya barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi, ili siku moja apate makala (makaa ya kupikia) yake mwenyewe. Miche ilisitawi hadi mwisho wa mvua, kisha ikaanza kunyauka mmoja mmoja. Tulipovuta mmoja, ulitufuata mkononi bila ubishi, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekwisha kula ganda lote la shina, kidole kimoja chini ya udongo.

Hatua ya kwanza: panda Desemba, ardhi ikiwa imelowa, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kiangazi. Mche ambao mizizi yake imejikunja chini ya mfuko utupe.

Hatua ya pili: usilifagie shamba. Shemeji alikuwa amepalilia mpaka pakang'aa, na mchwa hawakubakiwa na chakula kingine ila miche yake. Tandaza nyasi kavu na mabua ya mahindi katikati ya mistari, nusu mita kutoka kwenye shina. Majivu pia husaidia, lakini mvua moja tu huyasomba, nami siyategemei.

Hatua ya tatu: mtafute malkia. Hapa tulipoteza siku mbili. Tulikishambulia kwa sururu kichuguu kilichokuwa karibu zaidi, tukakuta udongo mkavu na mashimo ya panya, kwani kilikuwa kimehamwa zamani. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, toboa karibu na kilele tundu la ukubwa wa ngumi, kisha urudi kesho yake asubuhi: likiwa limezibwa kwa udongo mbichi, wenyewe wamo, likiwa wazi, peleka sururu kwingine. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo huweza kufikia mita 8, achana navyo. Chagua kisichozidi kimo cha mtu. Omba ruhusa kwanza kwa jirani anayeokota hapo kumbikumbi na uyoga, maana ukiliua kundi, navyo vimekwisha.

Usianzie kileleni. Ingia ubavuni, usawa wa ardhi, ukielekea katikati. Utapita bustani za uyoga ambao mchwa huulima humo ndani, zinazofanana na sifongo la kahawia, kisha utagonga bonge la udongo mgumu kuliko mwingine wote, bapa chini na lenye mgongo juu. Lipasue taratibu: malkia yumo, mweupe, mnene kama kidole gumba, hawezi hata kutembea. Usishangilie bado, kwa sababu baadhi ya vichuguu vina malkia zaidi ya mmoja, na kundi lililofiwa huweza kupata mwingine. Zitoe bustani zote za uyoga uzianike juani, kisha urudie jaribio la tundu baada ya wiki mbili. Vaa viatu vya mpira, kwani askari wao huuma hadi damu itoke. Wako wanaomwaga humo oili chafu ya gari. Mimi siikubali hata kidogo, kwa sababu udongo huo huo ndio utakaolisha miti.

Hatua ya nne ni kwa mchwa wanaoishi chini ya ardhi bila kichuguu. Twanga majani mabichi ya utupa, yaloweke usiku kucha, chuja, kisha umwagilie shingo ya kila mche jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa hiyo upesi. Utupa ndio ule ule wa kuvulia samaki: usiuoshe kwenye kijito wala karibu na bwawa la mtu.

Kiangazi chote, pita mara moja kwa wiki ukibandua udongo ambao mchwa wameupaka kwenye mashina. Mapengo yajazwe mvua zitakaporudi, si kabla.