Tangazo la WhatsApp likikosa majibu, kagua kwanza
Kabla hujakata tamaa ya kuwatangazia wenye saluni na maduka huduma yako kupitia orodha ya matangazo ya WhatsApp, shikilia kidole kwenye ujumbe uliotuma, fungua taarifa zake, uone umewafikia nani. Orodha moja hubeba hadi watu 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengine hawapati kitu. Kwa hiyo mwombe mteja akuhifadhi ukiwa bado kaunta, tena kwa jina la kazi: "Fundi Mabango". Kwa simu baadaye atakuahidi tu. Ila kama wengi wamesoma na bado kimya, tatizo ni ofa: badilisha kitu kimoja kila tangazo, la sivyo hutajua kipi kimevuta. Aliyezima simu au aliyekuzuia naye huonekana hajafikiwa.