Kuku haangui lakini bata anaangua? Anza na jivu ya ku parseli

Kama uko Lubumbashi na karibu na kwenu banachoma nyaya juu ya kutoa mukuba, ao banachoma sashe na plastiki kila mangaribi, na kuku yako analalia muzuri lakini vifaranga vinafia ndani ya mayai, na bata wa parseli ileile anaangua tu kawaida, usikimbilie kusema ni uchawi ao jogoo amezeeka.

Kagua mayai kwanza. Siku ya 7, usiku, weka yai juu ya torchi ya telefone, utaona mishipa myekundu imetanda. Rudilia siku ya 18. Zenye zimekufa pasulia nje, vaa gani (glavu) ku mikono. Ukikuta kifaranga kimevimba maji shingoni na tumboni, ao mdomo umepinda, shuku dioksini na PCB: dioksini ni sumu yenye inatoka mu moshi na jivu ya plastiki na nyaya, PCB ni sumu ya mafuta ya zamani ya transfo (transfoma ya umeme). Lakini uliza pia kama kuku alikuwa anaacha kiota, juu baridi nayo inaua.

Kwa nini kuku njo anaumia? Sumu hii inashika kipokezi kimoja mwilini, ni kusema protini yenye inapokea sumu, jina yake AHR1. Protini ni mulolongo wa vipande (asidi amino), na nafasi mbili tu za mulolongo ule, ya 324 na ya 380, njo zinaamua. Pale kuku ana vipande vyenye vinaitwa isoleusini na serini, sumu inashika nguvu. Bata na kware bana valini na alanini, inashika kidogo. Batamzinga iko katikati. Kwa yai ya kuku, karibu mikrogramu 0.2 ya TCDD (dioksini kali kuliko zote) kwa kilo moja ya mayai inatosha kuua nusu ya vifaranga.

Sasa sikiliza hapa muzuri, tafazali: bata kuangua haionyeshe kama mayai yake ni safi! Sumu inakaa mu mafuta ya kiini, ukitokosha haitoki, batoto banakula.

Kuku anapenda kuoga mu jivu, na sisi wenyewe tunamumwangia juu ya chawa. Umupe ya makala tupu, hapana ya takataka. Fungia kuku mbali na fasi yenye ilichomewa nyaya, toa udongo wa juu, leta mwingine, chakula weka mu sahani, usimwange chini. Mafuta ya transfo ya zamani usipake ku mbao za kibanda hata kidogo. Ubelgiji mu 1999 mafuta ya namna ile iliingia mu chakula ya kuku, na kuangua kukashuka.

Kuku mwenye amekula sumu anaisafisha polepole, kwa miezi, kwa hiyo mayai yake ya sasa usiuzishe.