Somo: Programu inagoma kufunguka, inadai faili la .so halipo (Ubuntu na Debian)

Wakuu, ujumbe wenyewe huwa hivi:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Usikimbilie kufuta programu, haijaharibika. Inatafuta maktaba ya pamoja, yaani faili linalotumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, na haijaiona. Shika jina la faili, hasa namba za mwisho.

1. Ujumbe hutaja moja tu. Yaone yote:
ldd ./programu | grep "not found"
Kama programu huiamini, ldd iache, kwani inaweza kuiendesha. Tumia objdump -p ./programu | grep NEEDED

2. Halipo kabisa, au lipo ila halionekani? Wengi wanaruka hapa, wanaishia kusakinisha ovyo.
sudo find / -name "libssl.so*" 2>/dev/null

3. Halipo: tafuta pakeji yake.
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search libssl.so.1.1
Kwenye Ubuntu 22.04 hutapata kitu, maana ilihamia OpenSSL 3, yenye libssl.so.3. Tafuta toleo jipya la programu yenyewe.

4. Lipo: kama ni /usr/local/lib, piga sudo ldconfig (inasasisha orodha ya maktaba), basi. Kama ni kwingine, mfano /opt/kitu/lib, andika njia hiyo kwenye faili jipya ndani ya /etc/ld.so.conf.d/, jina liishie .conf, ndipo upige ldconfig. Kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, kinachotaja njia hiyo kwa muda, ni cha kujaribia tu.

MASWALI

– Mkuu, kuna jamaa kanishauri nitengeneze kiungo, libssl.so.3 iitwe libssl.so.1.1. Itakubali?
– Usithubutu. Itakuja na "version `OPENSSL_1_1_1' not found". Namba kubwa ikibadilika, vya ndani navyo vimebadilika.

– AppImage yangu (programu iliyofungwa kwenye faili moja) inalilia libfuse.so.2, niko 22.04.
– sudo apt install libfuse2. Kwenye 24.04 inaitwa libfuse2t64. Ila pakeji iitwayo "fuse" tu usiiguse kwenye 22.04, inaweza kung'oa fuse3 ukabaki huna desktopu.

– find inanionyesha faili lipo /usr/lib/x86_64-linux-gnu, na ldconfig nimepiga. Bado!
– Piga file ./programu utuwekee majibu.
– Inasema ELF 32-bit.
– Ndiyo hiyo. Programu ni ya biti 32, maktaba uliyonayo ni ya biti 64. sudo dpkg --add-architecture i386, kisha sudo apt update, halafu sakinisha pakeji ileile ukiongeza :i386 mwisho wa jina.